Mizani Jikoni: Namna Chuo Kinavyoweza Kufundisha Mazingira kwa Matendo

UTANGULIZI

Tufikirie chuo kimoja cha ualimu chenye wanachuo 400 wa bweni, katika nchi ya miombo kandokando ya Tabora. Saa nne asubuhi mkufunzi wa jiografia yumo darasani akieleza madhara ya ukataji wa misitu. Anachora ubaoni, na wanachuo wananakili. Wakati huohuo lori linaingia uani na kumwaga magogo mabichi nyuma ya jiko. Hakuna anayeyapima. Hakuna anayeuliza yametoka msitu gani, wala yatatosha siku ngapi. Jioni magogo yale yatawaka chini ya masufuria yasiyo na vifuniko, na moshi wake utawatoa wapishi machozi. Kesho yake mkufunzi ataendelea na somo lake pale alipoishia.

Chuo hiki ni cha kubuni tu, lakini yawezekana wasomaji wengi wakakitambua. Kwa siku moja kimefundisha masomo mawili: la ubaoni na la uani. Je, mwalimu mtarajiwa ataondoka na lipi kati ya hayo mawili? Akihitimu atapelekwa kwenye shule ambayo nayo ina jiko, paa, vyoo na kiwanja. Huko atayafanya yale aliyoyaona yakifanywa, si yale aliyoyanakili.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba chuo au shule ya sekondari yaweza kuyageuza maisha yake ya kila siku kuwa maabara ya mazingira, na kwamba kifaa cha kwanza kinachohitajika katika maabara hiyo ni mizani na daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Misitu, maji na udongo ni mali.

CHUO ENDELEVU NI NINI?

Neno "endelevu" husikika sana siku hizi, lakini maana yake si ngeni kwa mfugaji wala kwa mkulima. Mfugaji mwenye busara huuza madume na maksai, wala hauzi mitamba yote, maana akifanya hivyo atakuwa ameuza na ng'ombe wa mwakani. Msitu nao ni kama kundi la ng'ombe. Kila mwaka huongezeka kwa kiasi fulani. Ongezeko hilo ndilo riba yake, na miti iliyosimama ndiyo mtaji. Anayevuna riba peke yake aweza kuvuna daima. Anayeugusa mtaji hupunguza na riba ya miaka ijayo, hata ifike siku asipate chochote.

Kwa hiyo chuo endelevu ni kile ambacho mahitaji yake ya mwaka mmoja hayazidi kile ambacho ardhi, mvua na misitu inayokizunguka yaweza kukirudisha kwa mwaka huo. Na ambacho taka zake hazizidi kile ambacho udongo na hewa vyaweza kukipokea bila ya madhara. Maelezo haya yana faida moja kubwa: yanapimika. Hatuhitaji kubishana kama chuo chetu ni kizuri au kibaya. Twahitaji kupima.

WAZO LENYEWE LILIKOTOKA

Mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka kila shule iwe pia jumuiya inayofanya kazi na kujitegemea kwa shamba au karakana yake. Alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua, waone faida na hasara ya maamuzi yao, na wajifunze kutokana nayo. Kwa bahati mbaya katika shule nyingi jambo hilo lilipunguzwa likawa jembe tu. Kazi ilitenganishwa na somo, na mara nyingine ikawa adhabu ya mtoto aliyechelewa.

Mwaka 1972, mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Stockholm ulizaa shirika la mazingira la UNEP, ambalo makao yake makuu yako Nairobi. Mwaka 1977, wajumbe wa serikali mbalimbali walikutana Tbilisi, katika Georgia, iliyokuwa wakati huo sehemu ya Muungano wa Kisovieti, kuzungumzia elimu ya mazingira. Walikubaliana kwamba elimu hiyo isiwe somo moja la pembeni, bali ipite katika masomo yote, ianzie kwenye mazingira ya mwanafunzi mwenyewe, na imzoeshe kutatua matatizo halisi. Mwaka huohuo wa 1977, Wangari Maathai, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alianzisha vuguvugu la kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini nchini Kenya. Kufikia mwaka 2004, alipopewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa.

Vyuo vikuu navyo vilianza kujitazama. Mwaka 1990, wakuu wa vyuo vikuu kutoka nchi kadhaa walikutana Talloires, Ufaransa, wakatoa tamko lenye mambo kumi ya kutekeleza. Miongoni mwake ni kwamba chuo kiwe mfano katika matumizi yake ya nishati, maji na vifaa. Mwaka 2004, UNEP ilianzisha ushirikiano wa kuingiza masuala ya mazingira katika vyuo vikuu vya Afrika. Kwa hiyo jambo tunalolizungumza lina wenzetu wengi. Lililobaki ni kulileta uani kwetu.

SOMO LA KWANZA: JIKO

Twaanza na jiko kwa kuwa katika taasisi nyingi za bweni ndilo linalokula zaidi, na ndilo ambalo hesabu zake zaweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha pili.

Tuseme kwamba wanachuo wa chuo chetu cha mfano wamekopa mizani ya kupimia magunia, wakapima kuni zote zinazoingia jikoni kwa wiki nzima, na wakaona kwamba wastani ni kilo 300 kwa siku. Kilo moja ya kuni zilizokaushwa vizuri kwa hewa ina nishati ya megajouli 15 hivi. Basi:

Nishati inayoingia jikoni = 300 × 15 = megajouli 4,500 kwa siku.

Je, chakula kinahitaji nishati kiasi gani? Tuseme kwamba uji, ugali, maharagwe na chai ya siku moja ni sawa na lita 600 za maji. Kwa wepesi wa hesabu twakichukulia chakula kama maji. Kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi kwahitaji kilojouli 4.2. Maji ya asubuhi yana nyuzi 25. Na hapa mwalimu wa fizikia asipitwe na jambo: Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, kwa kuwa kanieneo ya hewa ni ndogo. Tofauti ni nyuzi 71.

Nishati ya kuchemsha = 600 × 4.2 × 71 = kilojouli 178,920, yaani megajouli 179 hivi.

Lakini masufuria yako wazi. Tuseme wanachuo wamepima kwa kijiti kina cha maji kabla na baada ya kupika, wakagundua kwamba lita 60 zimepotea kuwa mvuke. Kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kwahitaji megajouli 2.26. Basi lita 60 zimechukua megajouli 136 hivi. Jumla ya nishati iliyoingia masufuriani ni 179 + 136 = megajouli 315.

Sasa tulinganishe. Kati ya megajouli 4,500 zilizowashwa, zilizofika masufuriani ni 315. Hiyo ni sehemu 7 tu katika kila 100. Zile 93 zilizobaki zimepasha moto kuta, zimetoka mlangoni pamoja na moshi, na zimemchoma mpishi miguu. Kwa maneno mengine, kila logi kumi na nne zinazoingia jikoni, moja ndiyo inayopika.

Matokeo ya namna hii hayapaswi kutumiwa kumlaumu mpishi. Mpishi hakulijenga jiko lile, wala hakuagiza magogo mabichi. Tena, yeye ndiye anayeulipa moshi kwa mapafu yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani utokanao na upishi na mafuta machafu ulisababisha vifo milioni 3.2 ulimwenguni. Yafaa siku ya upimaji mpishi mkuu awe mwalimu, na wakufunzi wawe wanafunzi: yeye ajua ni kuni gani huwaka kwa haraka, ni sufuria gani hukawia, na ni saa gani moto huachwa ukiwaka bure.

Kupunguza kabla ya kubadilisha

Baada ya kupima, hatua tatu zaweza kuchukuliwa kwa mpango huu:

Kwanza, vifuniko na maharagwe. Masufuria yakifunikwa na moto ukipunguzwa mara maji yanapochemka, tuseme mvuke unaopotea utashuka kutoka lita 60 hadi 20, yaani megajouli 45 hivi. Jumla sasa ni 179 + 45 = 224. Tumeokoa sehemu 29 katika 100 kwa bei ya vifuniko tu. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha huiva mapema zaidi. Na mahali palipoinuka, ambako maji huchemka kwa joto pungufu, faida hiyo ni kubwa zaidi.

Pili, kukausha kuni. Gogo lililokatwa leo laweza kuwa nusu maji kwa uzito. Kilo moja ya gogo hilo ina nusu kilo tu ya kuni, na sehemu ya joto la nusu kilo hiyo itatumika kuyafukuza yale maji. Nishati inayobaki ni kama megajouli 8, yaani karibu nusu ya ile ya kuni kavu. Kwa hiyo kuni zinunuliwe mwanzoni mwa kiangazi, zipasuliwe, zipangwe chini ya paa lenye kupitisha upepo, na zitumike zikiwa zimekauka. Kibanda cha kuni ni mtambo wa nishati ya jua ulio rahisi kuliko yote.

Tatu, jiko sanifu. Jiko lililojengwa kwa kulizungushia sufuria pande zote, lenye chumba kidogo cha moto, kizuizi cha joto na dohani, laweza kufikisha sufuriani robo ya nishati ya kuni, na mengine hufikisha zaidi. Tukichukua robo: 224 ÷ 0.25 = megajouli 896. Tukigawa kwa 15, twapata kilo 60 hivi za kuni kwa siku.

Kutoka kilo 300 tumefika kilo 60. Kwa siku 200 za masomo hiyo ni tani 12 kwa mwaka badala ya tani 60. Katika jiko halisi matokeo yatatofautiana kidogo na hesabu hii, na ndiyo sababu mizani isirudishwe baada ya wiki moja.

Je, msitu utatosha?

Miombo hukua polepole. Tuseme kwamba hekta moja huongeza tani 2 za kuni kwa mwaka. Chuo kinachotumia tani 60 chahitaji riba ya hekta 30 kila mwaka. Kinachotumia tani 12 chahitaji riba ya hekta 6. Chuo kingi hakina hekta 30 za msitu. Basi hekta zinazopungua hutolewa na nani? Hutolewa na vijiji vya jirani, bila ya vijiji hivyo kuulizwa. Mama wa kijijini ambaye mwaka jana aliokota kuni karibu na nyumba, mwaka huu atatembea mbali zaidi. Huyo ndiye anayelipa deni la jiko la chuo, ingawa jina lake halimo katika daftari lolote.

Mwalimu wa kemia naye ana sehemu yake. Tani 60 za kuni kavu kwa hewa, tukiondoa unyevu, ni kama tani 50 za kuni tupu, na nusu ya uzito huo ni kaboni: tani 25. Kila tani 12 za kaboni zikiungua kabisa hutoa tani 44 za kaboni dioksaidi. Basi tani 25 hutoa tani 92 hivi. Miti ikiachwa ikue tena, gesi hiyo hurudi mitini. Isipoachwa, hubaki hewani.

Kuni, gesi au umeme?

Serikali ya Tanzania imeziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kutumia kuni na mkaa, na mwaka 2024 ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, ambao lengo lake ni kwamba kufikia mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wakitumia nishati hiyo. Kwa hiyo jiko sanifu la kuni ni daraja, si mwisho wa safari. Wanachuo waweza kulinganisha nishati nyingine kwa kutumia mahitaji yaleyale ya megajouli 224:

Gesi ya mitungi: kilo moja ina megajouli 46 hivi. Ikiwa nusu hufika sufuriani, zahitajika kilo 10 hivi kwa siku.

Umeme: uniti moja ni megajouli 3.6. Kwa masufuria ya umeme yaliyozibwa vizuri, ambayo hufikisha asilimia 80, zahitajika uniti 78 hivi kwa siku.

Biogesi: kilo moja ya samadi mbichi ya ng'ombe hutoa kiasi cha lita 35 za gesi. Chuo chenye ng'ombe 20 wa zizini, kikikusanya kilo 10 kwa kila ng'ombe, kitapata meta 7 za ujazo kwa siku. Kila meta ya ujazo ina megajouli 21 hivi. Nusu ikifika sufuriani, twapata megajouli 73. Hiyo ni theluthi moja ya mahitaji.

Hesabu ya biogesi ina fundisho lake. Tangu miaka ya 1980, kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimekuwa kikieneza mitambo ya biogesi nchini, na manufaa yake yajulikana. Lakini wapo wanaodhani kwamba ng'ombe wachache wataweza kulisha jiko zima, na mtambo unapowavunja moyo huuacha ukakauka. Anayepima kabla ya kujenga atajua mapema kwamba gesi ya ng'ombe 20 itachemsha lita 160 za uji wa asubuhi, unaohitaji megajouli 48, na kubakiza kidogo cha chai. Atajenga kwa kusudi hilo, na hatavunjika moyo. Tope linalotoka mtamboni litakwenda shambani, kwa kuwa nitrojeni yake haikuungua.

SOMO LA PILI: PAA

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya meta moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kanuni hii fupi yatosha kuligeuza kila paa la bati kuwa swali la hisabati.

Bweni lenye urefu wa meta 20 na upana wa meta 8 lina paa la meta za mraba 160. Tukichukua mvua ya Tabora kuwa kama milimita 900 kwa mwaka, na tukikubali kwamba sehemu ya tano hupotea kwa kuruka, kuvuja na kukauka, twapata 160 × 900 × 0.8 = lita 115,200.

Ni nyingi au chache? Wanachuo 400 wakinywa lita 2 kila mmoja kwa siku, ni lita 800, nayo maji hayo yatatosha siku 144. Hayatoshi kuoga wala kufua. Lakini mvua ya Tabora hunyesha kati ya Novemba na Aprili, na kiangazi kina siku 184. Basi bweni moja lenye mifereji mizuri na tangi la kutosha laweza kutoa maji ya kunywa kwa sehemu kubwa ya kiangazi, na mabweni mawili yanavuka kiangazi chote. Gharama kubwa imo katika tangi, si katika mvua; kwa hiyo wanachuo wakokotoe ukubwa wa tangi kabla ya mkuu wa chuo kusaini hati ya ununuzi. Maji ya mvua ya kwanza, yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, yamwagwe kando, na ya kunywa yachemshwe au yatibiwe.

Kipimamvua chaweza kutengenezwa kwa chupa na faneli yenye mdomo wa upana uleule. Darasa likikisoma kila siku saa tatu asubuhi kwa miaka mitano, chuo kitakuwa na kumbukumbu ya mvua ya mahali pake chenyewe, kitu ambacho hakiwezi kununuliwa dukani.

SOMO LA TATU: TAKA NA UDONGO

Hapa twaweza kupita haraka, maana kanuni ni ileile. Taka za wiki moja zichambuliwe katika mafungu na kupimwa: mabaki ya chakula, majani, karatasi, plastiki, vyuma na vioo. Aghalabu fungu zito kuliko yote ni lile linaloweza kuoza. Likirundikwa pamoja na majani makavu na samadi, likinyunyiziwa maji na kugeuzwa mara kwa mara, hugeuka mboji, nayo hurudi katika bustani ya mboga. Wanafunzi wa biolojia wapime joto ndani ya rundo hilo kila siku, waone jinsi vijidudu vinavyolipandisha. Plastiki ni tatizo la namna nyingine, kwa kuwa haiozi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2019. Hata hivyo chupa na vifungashio vingali vinaingia chuoni. Vikihesabiwa mlangoni, chuo chaweza kuamua ni vipi visiingie kabisa.

KUINGIZA MAMBO HAYA KATIKA MTAALA

Walimu wengi hulalamika, na wana haki, kwamba muhtasari umejaa na hapana nafasi ya somo jipya. Jawabu ni kwamba hatuhitaji somo jipya. Mada zilizo ndani ya muhtasari hazina budi kufundishwa kwa mfano fulani. Basi mfano huo utoke uani badala ya kutoka kitabuni peke yake. Mathalani:

Hisabati: wastani, asilimia, grafu na makadirio, kwa takwimu za kuni na maji.

Fizikia: joto, nishati, ufanisi wa jiko, kanieneo na kiwango cha kuchemka.

Kemia: mwako, uzani wa molekuli, majivu na uchachu wa udongo.

Biolojia: ukuaji wa miti, vijidudu vya mboji, moshi na mapafu.

Jiografia: ramani ya mahali kuni zinakotoka, mvua na mmomonyoko.

Uraia na historia: msitu ni wa nani, na nani huamua.

Biashara: gharama ya jiko jipya, na muda wa kuirudisha kwa akiba ya kuni.

Kiswahili: kuandika ripoti iliyo wazi kwa bodi ya chuo, na kuisoma mbele yake.

Jambo la mwisho si dogo. Mwanachuo aliyepima na kukokotoa, kisha ripoti yake ikafungiwa kabatini, hujifunza kwamba sayansi ni mchezo wa mitihani. Lakini ripoti ikisomwa mbele ya mkuu wa chuo, mhasibu na mpishi mkuu, na vifuniko vikanunuliwa kwa ajili yake, amejifunza kwamba tarakimu yaweza kubadilisha kitu. Hilo ndilo lililokusudiwa katika Elimu ya Kujitegemea: si kumpa mwanafunzi jembe tu, bali kumpa jembe pamoja na sauti katika baraza.

Twapendekeza kila chuo kiwe na Daftari la Chuo, kitabu kimoja kikubwa kitunzwe maktabani, ambamo kila mwezi huandikwa kuni zilizotumika, uniti za umeme, lita za maji, milimita za mvua, kilo za taka na idadi ya miti iliyopandwa na iliyo hai. Hili la mwisho lisisitizwe. Kuhesabu miche siku ya sherehe ni rahisi; kuihesabu baada ya kiangazi cha pili ndiko kipimo. Wanachuo huja na kuondoka, lakini daftari hubaki, na kila kundi jipya hulianzia pale wenzao walipoachia.

VIKWAZO

Tusijidanganye kwamba njia ni nyeupe. Mosi, akiba ya kuni huonekana jikoni ilhali gharama ya jiko huonekana kwa mhasibu. Wasipokaa meza moja, jiko halitajengwa. Pili, mitambo huharibika, na chuo kisicho na fundi wake hurudia mafiga ndani ya muhula mmoja. Tatu, kuna wanaoishi kwa kuuza kuni chuoni. Chuo kinachoacha kununua kuni zao bila kuwafikiria kimewahamishia wao mzigo wake. Yafaa waulizwe mapema kama wangeweza kukuza miche, kuleta mboga au kufuga nyuki katika msitu uleule waliokuwa wakiukata. Uendelevu usiojali riziki ya jirani haudumu.

HITIMISHO

Turudi kwenye uwanja wa chuo chetu cha mfano. Tuseme miaka mitatu imepita. Lori bado huja, lakini mara chache, na linapofika wanachuo wawili wanalisubiri na mizani. Mkufunzi wa jiografia bado anafundisha juu ya misitu, ila sasa ubaoni kuna grafu iliyochorwa kutoka katika Daftari la Chuo, na mwanachuo mmoja ananyoosha mkono kuuliza kwa nini mstari umepanda mwezi wa Machi. Labda kuni zilinyeshewa. Labda vifuniko viwili vimevunjika. Darasa zima linatoka kwenda jikoni kumwuliza mpishi.

Siku chuo kitakapofika hapo, somo la ubaoni na somo la uani yatakuwa somo moja.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Pima kuni zinazotumika katika jiko la shule yako kwa siku tano. Tafuta wastani wa kilo kwa mwanafunzi mmoja kwa siku.

2. Chemsha lita 2 za maji katika sufuria iliyo wazi kwa dakika 20, kisha urudie ukiwa umeifunika. Pima maji yaliyopotea kila mara, na ukokotoe nishati iliyokwenda na mvuke.

3. Kwa kutumia kimo cha mahali shule yako ilipo, eleza kwa nini maharagwe hukawia kuiva Mbeya kuliko Tanga.

4. Shule ina paa la meta za mraba 250, na mvua ya milimita 600 kwa mwaka. Ikiwa sehemu ya tano hupotea, ni lita ngapi zaweza kuvunwa? Zitawatosha wanafunzi 300 kwa siku ngapi, kila mmoja akinywa lita 2?

5. Linganisha gharama ya kupikia kwa kuni, gesi ya mitungi na umeme kwa bei za mahali ulipo. Je, nishati iliyo rahisi kwa shule ndiyo iliyo rahisi kwa kijiji pia? Toa sababu.

6. Jadilini darasani: chuo kikiacha kununua kuni, kina wajibu gani kwa waliokuwa wakiziuza?